Fedha Ambazo Hazikununua Bati
(Maneno ya kamati kwenye mkutano wa mwaka, Tarakea)



Kila mwaka nafasi hii ni ya kusoma mapato na matumizi. Safari hii tunaanza na fedha ambazo hazimo kwenye matumizi. Minong'ono mmeisikia sokoni, na ni kweli: shilingi 2,340,000 za mchango wa paa la madarasa mawili hazikununua bati. Ziliishia kwenye kubeti.

Aliyekuwa akizikusanya ni kijana wetu, wakala wa fedha kwa simu. Tulimchagua sisi wenyewe kwa uaminifu wake. Mama akisahau chenji dukani kwake, alimkimbilia mpaka kwenye gari. Jina lake hatulitaji, ingawa wengi mnalijua. Amekubali tuyaseme haya, akaomba tusiyapambe.

Alianza kama wengi: mkeka wa shilingi 500 siku ya Jumamosi, Simba, Yanga na timu za Uingereza. Siku moja akala 180,000. Anasema iliyomharibu ni siku hiyo, kuliko siku zote alizopoteza. Baadaye akaingia kwenye mchezo wa kindege, ule usiosubiri mechi wala refa. Raundi moja huisha kwa sekunde chache, na saa nane za usiku unachezeka kitandani sawasawa na mchana. Floti ya biashara ikakauka. Akachukua mchango wetu kuifidia, akiwa na nia ya kuurudisha kabla ya kikao. Kila alipopungukiwa aliongeza dau ili arudishe yote kwa mkupuo. Ikafuata mikopo ya simu, kisha kausha damu. Mama yake akauza ng'ombe akidhani anamwokoa na deni la biashara.

Tukae kidogo kwenye hesabu, maana vijana wanatuambia kubeti ni kujua mpira tu. Chagua mechi kumi, na kila timu uliyoiweka iwe na nafasi mbili kati ya tatu za kushinda. Hizo ni timu nzuri. Hata hivyo zote kumi kushinda pamoja hutokea mara 1 katika 58 hivi. Malipo yangekuwa ya haki, shilingi 1,000 ingerudi karibu 58,000. Lakini kampuni nayo inataka chake: mahali pa odi ya 1.5 inakupa, tuseme, 1.42. Kwa mechi moja tofauti hiyo huioni. Zizidishe zote kumi, malipo yanashuka mpaka 33,000. Kadiri mkeka unavyorefuka ndivyo unavyokatwa zaidi. Unaweza kuujua mpira kuliko mtangazaji wa redio, na hesabu hii ikakumaliza vilevile.

Hatusemi kubeti ni jinai. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inaruhusu, Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inatoa leseni, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. (Wewe mzazi unayemtuma mtoto wa darasa la sita akuwekee mkeka kwa kuwa macho yako hayaoni vizuri, tunakuona.) Wapo kati yetu wanaoweka buku Jumamosi na hawaongezi. Kwao tunasema: panga kiasi kabla mechi haijaanza, kiwe cha mbege na si cha ada, usikope, na mkeka ukichanika, nenda kalale.

Mtu wa kumhofia ni yule anayeficha simu, anayedanganya kuhusu fedha ndogo, anayefukuzia alichopoteza. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari kwenye orodha yake ya magonjwa, toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022. Tunalisema hili kwa sababu kikao chetu cha kwanza kilikuwa cha matusi. Wapo wazee waliotaka kijana apelekwe polisi, na kwa fedha ya umma hawakukosea. Lakini usiku ule mama yake alikuja kutuambia kwamba mtoto anasema heri asingekuwepo. Tukaacha mambo ya fedha. Wawili wetu wakalala naye, asubuhi akapelekwa hospitali.

Kwa hiyo lijueni hili. Ukimwona mtu wako hivyo, anza hospitali ya Huruma pale Rombo. KCMC Moshi kuna idara ya magonjwa ya akili. Tiba yenyewe kwa sehemu kubwa ni mazungumzo na mtaalamu, tena ya mara kwa mara, si ya siku moja. Akitamka kutotaka kuishi, usimwache peke yake hata kwenda msalani, na usingoje kesho.

Kampuni zenye leseni zinaweza kuifunga akaunti ya mteja akiomba. Aombe mwenyewe, kwa maandishi, mbele ya mtu. Ila sisi wa mpakani tuna tatizo letu: mtu ana laini ya hapa na laini ya Kenya. Kijana wetu alifunga akaunti za upande huu, wiki ya pili akawa anabeti kwa laini ya Loitokitok. Ilibidi laini hiyo aikabidhi kwa dada yake, na dada ndiye anayeshika hata mshahara wake. Kwa mwanaume wa miaka 29 hilo ni gumu, na tunampongeza kwa kulikubali.

Kosa letu kama kamati ni kwamba tuliziacha fedha za watu kwenye simu ya mtu mmoja kwa miezi mitano bila kumwomba hata kutuonyesha salio. Sasa michango inaingia benki moja kwa moja, watia saini ni watatu, na taarifa ya salio inabandikwa kila mwezi. Hakuna mwanakamati anayepokea mchango kwa namba yake binafsi. Akikuomba hivyo, kataa, hata akiwa mjomba wako.

Kijana analipa 80,000 kwa mwezi. Amekwisha lipa 960,000, zimebaki 1,380,000. Alikuwa aje aseme mwenyewe leo, akashindwa. Yuko nje kwenye magari, anapanga viti vya chakula. Mkipita, msalimieni.

Kwa madarasa mawili tunahitaji bati 96, misumari na mbao. Daftari la ahadi liko meza ya kushoto, karibu na mlango.