Miaka 70 na Bustani: Maneno ya Mwalimu Siku ya Wakimbizi, 20 Juni



Nimeombwa niseme juu ya kumtumaini Mungu. Juma lililopita mama mmoja jirani aliniuliza, "Mwalimu, ninaomba tangu tuvuke Tanganyika mwaka 1996. Mbona hajibu?" Mimi nilivuka ziwa lile mgongoni mwa mama yangu, nikakulia hapa Nyarugusu. Sikuwa na jibu. Nilikaa naye, tukachambua maharage.

Usiku nilifungua Yeremia sura ya 29. Mstari wa 11 tunaupenda sana, maana unaahidi mema. Lakini tusome na ule wa 10: miaka 70! Barua ile iliandikiwa waliohamishwa Babeli mwaka 597 kabla ya Kristo. Nabii Hanania alitangaza miaka miwili tu. Yeremia alikataa kuwadanganya. Wengi walioisikia barua ile walizikwa ugenini.

Je, Mungu aliwatupa? Hapana. Aliwaagiza wajenge, wapande bustani, waoze watoto wao, na wauombee mji walimokaa. Makusudi yake yalikuwa makubwa kuliko umri wa mtu mmoja, lakini kila mmoja alipewa kazi ya siku yake.

Ndugu zangu, kumtumaini Mungu si kunyamaza. Ayubu alilalamika sura nyingi, na hata mwisho hakuelezwa sababu ya mateso yake. Waliokemewa ni rafiki zake, wale wenye majibu tayari. Basi tusimwambie aliyefiwa kwamba ni dhambi zake. Tuketi naye. Nanyi watumishi wa mashirika, mkisikia mtu akiuliza "Mpaka lini?", msidhani hana shukrani. Hayo nayo ni maombi.

Wanafunzi wangu wengi wamezaliwa hapa. Kongo wanaijua kwa ramani ninayochora ubaoni. Kesho asubuhi kengele italia, nami nitaichora tena. Hiyo ndiyo bustani yangu. Sijui nani atakula matunda yake, lakini napanda.

Yule mama naye bado anaomba. Nyuma ya nyumba yake amepanda mpapai.