Kabla ya Kuomba Mafuta, Omba Nyumba Izibwe

Mada iliyowasilishwa katika semina ya familia zinazozungumza Kiswahili, Lewiston, jimbo la Maine, Marekani



Theluji ikianguka usiku, asubuhi yake piteni mitaa ya Birch na Walnut mkitazama mapaa. Mtaona paa moja limefunikwa theluji mpaka ukingoni. La jirani yake limebaki wazi, vigae vinaonekana, na pembeni imening'inia mikuki ya barafu. Watoto huipenda barafu hiyo, wageni huipiga picha. Kwangu mimi ile ni bili iliyotundikwa hadharani. Joto limepanda kutoka vyumbani, limepenya darini, limeyeyusha theluji, na maji yakateremka kuganda ukingoni ambako hakuna joto. Nyumba zote mbili zina tanuru linalowaka. Moja inapasha watu joto, nyingine inapasha mawingu.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuomba misaada ya kupasha nyumba joto. Nitafanya hivyo, lakini nina dai langu, nalo nalitanguliza: tunaomba kwa mpangilio uliopinduka. Kila Novemba foleni ya kuomba mafuta ni ndefu, na wanaoomba nyumba zao zizibwe na kuhamiwa ni wachache sana. Mafuta yakiletwa Desemba, Februari yamekwisha. Kihami joto kikiwekwa darini leo, mtoto anayetambaa sasa atamaliza shule kikiwa bado kipo.

Tuanze na misaada yenyewe, kwa kuwa majina yake huchanganya watu. Ya serikali ya shirikisho ni miwili. Wa kwanza ni LIHEAP, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1981. Hapa Maine tunauita HEAP na unasimamiwa na MaineHousing, mamlaka ya nyumba ya jimbo. Huo husaidia kulipia joto, na kwa kawaida fedha huenda moja kwa moja kwa muuza mafuta au kampuni ya umeme, hazipiti mkononi mwako. Wa pili ni Weatherization, ulioanza kwa sheria ya mwaka 1976. Huo hautoi mafuta wala fedha. Unatuma mafundi waje wazibe nyufa, wajaze kihami darini na ukutani, na kuhakikisha tanuru ni salama. Mwenye kustahili halipi kitu. Ofisi za kupokea maombi ni mashirika ya kijamii ya kila wilaya, na mara nyingi ni ofisi ile ile kwa yote mawili. Hapo ndipo ninaposikitika: mtu amekwisha kukaa kwenye kiti, nyaraka zote ziko mezani, anaomba mafuta, anaaga. Ukiwa kwenye kiti hicho, sema pia kwamba unataka nyumba izibwe.

Kuna historia kidogo ambayo sisi wa Maine tunapaswa kuijua. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilipositisha kuiuzia Marekani mafuta, bei ilipanda na majimbo ya baridi yaliumia. Kazi ya kuziba nyumba za maskini ilianza wakati huo ngazi za chini, na Maine ilikuwa miongoni mwa waliotangulia: plastiki madirishani, gundi ya kuzibia kwenye nyufa, watu wa kujitolea wakipita nyumba hadi nyumba. Serikali kuu ilifuata baadaye. Mpaka leo takriban nusu ya kaya za Maine hupasha nyumba kwa mafuta, jambo lisilo la kawaida tena katika majimbo mengine, kwa hiyo bei ya pipa huko ng'ambo ikitikisika, sisi ndio tunaoanza kutetemeka.

Sasa hesabu. Tangi la kawaida la chini ya nyumba hubeba galoni 275. Tuseme umepewa dola 600 na galoni moja inauzwa dola tatu na nusu: umepata galoni 171, chini ya tangi moja. Nyumba kubwa ya zamani yenye nyufa hulimaliza tangi zaidi ya mara mbili kwa majira moja ya baridi. Sisemi msaada huo ni mdogo. Usiku wa nyuzi hasi ishirini galoni moja ni uhai. Nasema tunatia maji kwenye pakacha.

Wengi wetu tukihisi baridi hukimbilia madirisha. Tunabandika plastiki, tunasokota taulo chini ya mlango. Si vibaya, ila joto hupanda. Hewa moto hutokea juu, kwenye tundu za taa, pembeni mwa bomba la moshi, kwenye mlango wa darini, na inapotoka huvuta hewa baridi iingie kutokea chini, pale ambapo ukuta wa mbao unakalia msingi. Ndiyo maana miguu huganda ilhali kichwa kina joto. Mkaguzi wa Weatherization huja na feni kubwa anayoifunga kwenye mlango wa mbele. Inanyonya hewa kutoka ndani ya nyumba, na kila ufa unaanza kupuliza. Ukiweka mkono karibu na soketi ya umeme unausikia upepo. Nimewaona wazee waliobishana na wenye nyumba miaka na miaka wakinyamaza mbele ya feni hiyo.

Kisha huja kihami. Kinachotumika sana ni nyuzi zitokanazo na magazeti yaliyosagwa na kutiwa chumvi ya boroni ili yasishike moto upesi. Hupulizwa kwa bomba mpaka dari inajaa kimo cha inchi 14 au zaidi. Mafundi huziba nyufa kwanza, ndipo wajaze. Akija fundi wa kujaza tu bila kuziba, muulize sababu.

Nani anastahili? Hapa tunajinyima wenyewe. Nasikia mara kwa mara: "Mimi na mke wangu wote tunafanya kazi, ile ni ya wasio na kazi." Kiwango cha Weatherization ni mara mbili ya mstari wa umaskini wa serikali. Kwa mwongozo wa mwaka 2025, familia ya watu wanne ilistahili ikiwa kipato hakizidi dola 64,300 kwa mwaka. Familia ya watu sita, dola 86,300. Familia zetu si ndogo. Mama anayehudumia wagonjwa na baba wa ghala, wakiwa na watoto wanne, mara nyingi wamo. HEAP ina kipimo chake, na sheria ya shirikisho inaruhusu jimbo kufika hadi asilimia 60 ya kipato cha katikati cha jimbo. Msijihukumu nyumbani. Mwacheni karani apige hesabu.

Katika hesabu hiyo mambo mawili huwakwaza watu wetu. Anayeendesha teksi za programu za simu huandika fedha zote zilizoingia, akasahau kwamba mafuta ya gari, matengenezo na bima ni gharama za biashara. Alete fomu yake ya kodi. Na la pili ni letu sote: fedha tunazotuma Bukavu, Uvira au Kakuma hazitolewi kwenye kipato. Kwa serikali ya hapa umezipata, basi. Linauma, najua, lakini usiliandike vingine.

Nyaraka ni za kawaida: vitambulisho na namba za hifadhi ya jamii, hati za mshahara za kila mtu mzima, bili ya umeme, mkataba wa pango au hati ya nyumba, jina la muuza mafuta wako. Jina liandikwe namna moja kila mahali. Wapo wenye majina matatu yaliyogeuzwa mpangilio kambini, tena uwanja wa ndege, tena benki, na faili hukwama kwa hilo tu.

Kuhusu hadhi ya uhamiaji nitasema kwa uangalifu. Sheria ya mwaka 1996 iliweka makundi ya wahamiaji wanaostahili misaada ya shirikisho. Mkimbizi aliyeingia kwa mpango rasmi yumo. Aliyekwisha kupewa hifadhi yumo. Anayesubiri jibu la ombi la hifadhi, kwa kusubiri peke yake, hayumo, na hao ni wengi kwa ndugu zetu wa Portland. Lakini mtoto aliyezaliwa hapa ni raia, na kaya yenye mchanganyiko yaweza kuomba kwa ajili ya walio na haki. Aulizwe mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kutia sahihi, asiulizwe jirani. Na mtu asitumie namba ya mwingine, hata ya ndugu wa damu.

Nafika kwenye fundo lenyewe. Wengi waliomo humu ni wapangaji, tena wa nyumba za ghorofa tatu za mbao zilizojengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya mji huu. Mpangaji ana haki ya kuomba Weatherization, ila mwenye nyumba lazima akubali kwa maandishi. Na kanuni ina sharti ambalo sijawahi kulisikia likielezwa kwa Kiswahili: katika jengo la kaya nyingi, kwa kawaida angalau asilimia 66 ya kaya ziwe zinastahili, kwa jengo la kaya mbili au nne inatosha nusu. Jengo lako lina kaya tatu? Zinatakiwa mbili kati ya tatu. Ukiomba peke yako, ombi zuri kabisa, nyaraka safi, jengo halitaguswa kama jirani wa juu hakuomba. Hivyo kabla ya kwenda ofisini pandeni ngazi, mgongeeni mlango. Akiwa Msomali, Muangola au mzee Mfaransa wa Kanada aliyezaliwa jengo hilo hilo, tanuru ni lile lile.

Mwenye nyumba naye ana hofu zake: wakaguzi kuingia, makosa kuonekana, gharama. Mwelezeni kwamba nyumba yake inatengenezwa, ingawa anaweza kuombwa kuchangia. Nanyi mjue kinga yenu: kanuni za shirikisho zinataka faida iwafikie hasa wapangaji wa kipato cha chini, na kwa muda unaofaa kodi isipandishwe kwa sababu ya kazi hiyo. Makubaliano hayo huandikwa. Ombeni nakala.

Wengine watakubaliwa kisha waambiwe kazi imeahirishwa. Hii huvunja moyo kuliko kukataliwa. Sababu huwa ni nyumba: paa linavuja, nyaya ni za zamani za kupita kwenye vishikizo vya kauri, kuna ukungu, au darini kuna chembe nyepesi zinazometa za vemikulaiti. Sehemu kubwa ya vemikulaiti ya Marekani ilitoka mgodi wa Libby, Montana, uliofungwa mwaka 1990, na ilikuwa na asbesto. Ukiziona, usizifagie, usipeleke watoto huko. Vilevile nyumba ya kabla ya 1978 huenda ina rangi yenye risasi, na mji wetu umeumia kwa watoto waliodhurika nayo. Omba maelezo ya kuahirishwa kwa maandishi, yakitaja tatizo. Karatasi hiyo inaweza kukufungulia mlango wa mfuko mwingine wa matengenezo, na kwa mwenye nyumba ni vigumu kusema hakujua.

Kwa walionunua nyumba, Efficiency Maine hurudisha sehemu ya gharama za kihami na pampu za joto. Kwa kihami, kwa viwango vya miaka ya karibuni, imekuwa hadi dola 8,000 kwa kipato cha chini, 6,000 kwa cha kati, 4,000 kwa yeyote. Tanuru likifa, HEAP ina mkono wake wa kulitengeneza au kulibadilisha kwa mwenye nyumba anayestahili. Ila punguzo la kodi ya shirikisho kwa kuhami nyumba lilikoma tarehe 31 Desemba 2025, hata kama matangazo bado yanaliimba. Atakayegonga mlango na kutaka ada ili "akuingize" kwenye Weatherization, mfungieni. Ombi halina ada.

Na pampu ya joto? Ni chombo kizuri, Maine imefunga zaidi ya laki moja, na vijana wanaipenda kwa kuwa kiangazi hutoa ubaridi. Zibeni nyumba kwanza, ndipo mpimiwe pampu. Nyumba iliyozibwa hutosheka na pampu ndogo.

Muda. Mwaka wa fedha wa shirikisho huanza tarehe 1 Oktoba, na fedha za HEAP si haki isiyo na kikomo: zikiisha zimeisha. Aprili 2025 wafanyakazi wa LIHEAP huko Washington waliachishwa kazi, na vuli ya mwaka huo serikali ilipofungwa, fedha zilichelewa kufika majimboni wakati matangi yanahitaji kujazwa. Kwa hiyo ombeni kiangazi, mkiwa bado na fulana. Weatherization ina orodha ya kusubiri. Wazee, walemavu na nyumba zenye watoto hutangulizwa, basi tajeni mapema kwamba mna bibi au mtoto.

Mwisho, ukikataliwa. Sheria ya LIHEAP inalitaka kila jimbo limpe nafasi ya kusikilizwa kwa haki mtu aliyenyimwa, na vilevile mtu ambaye ombi lake halikushughulikiwa upesi inavyopasa. Kwa hiyo ukimya wa ofisi nao una rufaa. Weka barua pamoja na bahasha yake yenye tarehe, omba mkalimani rasmi, na usimpe kazi hiyo mtoto wa darasa la tano, hata kama Kiingereza chake kimetuzidi sote.

Tuanze maswali na walio kwenye nyumba za ghorofa tatu.