Bei Iandikwe Waziwazi

Msikilizaji, tangu 2007 korosho ghafi za Masasi na Newala zinauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, kupitia vyama vya ushirika hadi mnadani, chini ya vyama vikuu vya ushirika vya MAMCU na TANECU. Huko mkulima hatafuti mnunuzi kwa simu yake. Korosho iliyobanguliwa ni biashara tofauti: bei anapanga mbanguaji mwenyewe, na mteja wake huenda yuko Dar es Salaam au Dodoma.

Hapo ndipo ujumbe mfupi unapofanya kazi. Ila matangazo mengi kwenye status za WhatsApp husema tu: "Korosho zipo, bei njoo inboksi." Mteja anapita. Mwandikie hivi: "Korosho nzima, zimekaangwa kwa chumvi, nusu kilo, shilingi kadhaa. Mzigo unapanda basi Newala Ijumaa." Weka na picha iliyopigwa mchana, punje zionekane. Maneno machache, lakini mnunuzi ameshajua anachonunua, kwa bei gani, na kitamfikiaje.

Jambo la pili ni tahadhari. Mei 2025 mtandao wa X ulifungiwa hapa nchini, na aliyekuwa na wateja huko pekee alipotezana nao. Kwa hiyo namba za wateja ziandikwe daftarini, kwa ridhaa yao.

Maafisa biashara wa halmashauri na viongozi wa ushirika wawafundishe wabanguaji haya kabla msimu haujafunguliwa. Jasho la kubangua linastahili soko, na mali nzuri isiyotangazwa vizuri humnufaisha mchuuzi wa kati.