Kiti cha Ishirini na Tatu

Januari 1961 Wazanzibari walichagua wajumbe 22 wa Baraza la Kutunga Sheria. Chama cha ASP kilipata viti 10, chama cha ZNP, yaani Hizbu, viti 9, na chama cha ZPPP viti 3, vyote vya Pemba. Wale watatu wa Pemba hawakukaa pamoja: wawili walijiunga na Hizbu, mmoja akaenda ASP, hesabu ikagota 11 kwa 11. Jimbo la Chake Chake ASP ililitwaa kwa kura moja tu; mpiga kura mmoja angegeuza mawazo, sare ile isingekuwepo. Mwingereza aliona tatizo ni shufwa, akaongeza jimbo moja, viti vikawa 23, na Juni uchaguzi ukarudiwa. ASP 10, Hizbu 10, ZPPP 3. Safari hii ZPPP yote ikaungana na Hizbu, serikali ikapatikana. Unguja zikapatikana pia maiti 68, za ghasia za uchaguzi huo.

Hoja yangu ni kwamba witiri huondoa sare, hauondoi hofu. Watu hawakuuana kwa sababu ya sare. Uchaguzi ule wa Juni ulitoa mshindi. Waliuana kwa hofu kwamba atakayeshinda atachukua vyote, na mwenye nusu ya kura atarudi nyumbani mikono mitupu. Atatokea wa kuniambia kwamba serikali ya kushirikiana inaua upinzani, na mwananchi hajui amwadhibu nani. Ni kweli, na gharama hiyo si ndogo. Lakini tazameni 2010: baada ya theluthi mbili hivi ya wapiga kura kuikubali serikali ya umoja wa kitaifa katika kura ya maoni ya Julai, Dk. Shein alimshinda Maalim Seif katika uchaguzi wa rais wa Zanzibar kwa takriban asilimia moja, na Maalim akayakubali matokeo. Pengo dogo kama hilo mwaka 1995 lilizaa mgogoro wa miaka.

Pingamizi zito zaidi ni la 2015. Kifungu cha umoja kilikuwa kwenye Katiba ya Zanzibar, na bado mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar alifuta uchaguzi tarehe 28 Oktoba, CUF, chama cha Maalim Seif, ikasusia marudio ya Machi 2016. Sioni kwamba hilo linaangusha hoja. Linaonyesha kwamba kugawana madaraka hakufai kitu pale hesabu yenyewe inapokatwa njiani bila mahali pa kulalamikia. Na hapo sisi wa bara tusiwacheke wa visiwani. Tangu 2000 Katiba ya Muungano inampa urais anayewazidi wenzake, hata asipofika nusu, na ibara ya 41(7) inazuia mahakama yoyote kuchunguza akishatangazwa. Mahakama ya Afrika, iliyo Arusha, iliamua Julai 2020 kwamba ibara hiyo inavunja haki, ikaiagiza Tanzania iirekebishe. Wanafunzi wa sheria wa hapa Nyegezi, Mwanza, wangeanzia kwenye hukumu hiyo, kabla ya kubishana kuhusu idadi ya viti.