Kubandika Alama Juu ya Mifano ya Ndege



Bila shaka mmepata kuona cherehani nyeusi ya zamani, iliyopambwa kwa maua ya rangi ya dhahabu. Pengine mlidhani kwamba mchoraji aliketi akayachora maua yale moja moja kwa mkono. Sivyo. Yalipigwa chapa kwanza juu ya karatasi, kisha yakahamishwa na kubandikwa juu ya chuma. Picha za namna hiyo huitwa dekali, na leo twataka kuzungumza habari za dekali zilizo ndogo sana, yaani zile zinazobandikwa juu ya mifano ya ndege.

Mifano hiyo huuzwa katika visanduku, nayo ni vipande vya plastiki ambavyo mnunuzi huviunga kwa gundi na kuvipaka rangi. Huko Uingereza kampuni ya Airfix, iliyoanzishwa mwaka 1939, ilitoa mfano wa ndege ya Spitfire. Kipimo kinachopendwa sana ni 1/72, maana yake kila urefu wa ndege halisi umegawanywa kwa 72. Mabawa ya Spitfire, yaliyokuwa na upana wa meta 11.23, huwa kama sentimeta 15 na nusu tu.

Je, alama zina kazi gani? Mwaka 1940, wakati wa vita, ndege za Uingereza zilichorwa miviringo ya rangi ubavuni na juu ya mabawa, ili rafiki asidhaniwe kuwa adui. Tena zilikuwa na herufi: mbili za kikosi, na moja ya ndege yenyewe. Basi mfano usio na alama ni kama barua isiyo na jina: haijulikani ni ya nani. Na alama zikiharibika, kazi ya majuma mengi imeharibika katika saa ya mwisho.

Jambo hilo lilitupata sisi wenyewe. Mfano wetu wa kwanza tuliupaka rangi isiyong'aa, kwa kuwa ndege za vita hazing'ai, na siku ile ile rangi ilipokauka tukabandika dekali. Usiku tuliziona nzuri. Asubuhi tulikuta kila herufi imezungukwa na weupe kama magamba ya samaki. Tulizisugua, zikachanika, na karatasi ya pili hatukuwa nayo.

Kosa halikuwa katika kubandika. Lilikuwa katika kutengeneza mahali pa kubandika. Rangi isiyong'aa, hata ikiwa laini mkononi, ina vilima na mabonde madogo mno. Utando wa dekali hulala juu ya vilima, na hewa hubaki mabondeni. Mwanga ukiipiga hewa ile hutawanyika, ndipo jicho huona weupe. Basi dawa yake ni kuyajaza mabonde kwanza. Paka vanishi ya kung'aa juu ya mfano wote, uiache ikauke vizuri, siku nzima ikiwezekana. Atakayeruka hatua hii hatasaidiwa na ustadi wowote utakaofuata.

Baada ya hayo, kata dekali moja kwa wembe au mkasi, karibu na ukingo wa picha. Ichovye katika maji ya uvuguvugu kwa muda wa kuhesabu hadi 15, kisha itoe na kuiweka juu ya kitambaa kwa dakika moja hivi. Maji yatalainisha gundi iliyo kati ya utando na karatasi. Usiiache majini hata ikaelea, maana gundi itaoshwa yote. Lowesha mahali pake kwa tone la maji, weka karatasi kando yake, nawe uisukume picha kwa brashi laini iteleze mpaka pale. Usiinyanyue kwa vidole, kwa sababu utando hujikunja, na kuukunjua ni taabu. Ukiisha kuinyosha, kausha maji kwa pamba, ukianza katikati na kuelekea kando, ili maji na hewa vipate njia ya kutoka.

Palipo na mifereji au vifundo, dekali haitajilaza yenyewe. Hapo mafundi hutumia dawa maalumu ya kulainisha utando. Ukiisha kuipaka, dekali itakunjamana kama uso wa mzee, nawe utaogopa. Usiiguse! Hapo ndipo wengi huharibu, kwa maana utando uliolainika huchanika upesi mno. Iache tu, inapokauka itajivuta na kushika umbo la mahali pake. Subira huvuta heri. Ikiwa asubuhi limebaki lengelenge, litoboe kwa ncha ya sindano, utie tone jingine la dawa.

Mwisho, futa mabaki ya gundi kwa kitambaa chenye unyevu, acha pakauke, kisha upake tena vanishi. Ukitaka ndege isiyong'aa, sasa ndio wakati wa kupaka vanishi isiyong'aa.

Labda mtu atauliza: kwa nini kujisumbua kwa kitu kidogo hivyo? Wanafunzi, fanyeni hesabu. Lengelenge lenye kimo cha sehemu moja ya kumi ya milimeta, likizidishwa mara 72, ni kama uvimbe wa milimeta 7 juu ya ndege halisi. Kosa dogo juu ya kitu kidogo si dogo.

Mfano wetu ule ungali juu ya rafu, na herufi zake zilizochanika. Hatukuutupa. Kila mwanafunzi anayeuliza habari zake humwambia maneno haya: kinachoonekana mwishoni hutengenezwa mwanzoni, katika kazi ambayo hakuna atakayeiona.