Uvimbe wa Taya la Mtoto, na Kwa Nini Waganga Huchunguza Maiti

(Mazungumzo kwa wamama, siku ya kilo)

Najua wengine mmevuka Luama tangu alfajiri, na wengine mmepanda pikipiki kutoka upande wa Salamabila. Kaeni, nyonyesheni watoto. Kilo tutapima baadaye.

Leo sisemi juu ya kuhara wala surua. Hayo mmesikia mara nyingi, na kuna wamama hapa wanaoweza kunifundisha mimi. Leo nasema juu ya ugonjwa usioonekana kila siku. Mama anaweza kulea watoto kumi asiuone hata mara moja. Lakini ukija, unakuja mbio. Ni uvimbe wa taya.

Na pamoja na huo nataka kujibu swali la mama mmoja. Aliniuliza kwa sauti ndogo, ameinama: "Mama muuguzi, mtoto amekwisha kufa. Kwa nini waganga wa hospitali wanaomba kumfungua? Wanatafuta nini tena?" Sikumjibu vizuri siku ile. Leo najaribu, maana mambo haya mawili yanakwenda pamoja.

Kwanza uvimbe wenyewe. Unashika watoto wa miaka mitatu mpaka kumi hivi, zaidi wale wa miaka mitano, sita, saba, na wavulana kuliko wasichana. Mtoto alikuwa mzima, anacheza. Siku moja unaona jino la nyuma linalegea, na wakati wake wa kung'oka haujafika. Ufizi umeinuka. Baada ya siku chache shavu limejaa, kama mtu aliyetia tonge la ugali mdomoni akasahau kumeza. Mara nyingi mtoto halii sana, kwa sababu hauumi kama jipu. Ndipo tunapodanganyika. Tunasema: ni jino. Tunampeleka kwa mtu wa kung'oa meno. Anang'oa mawili, matatu, yanatoka bila nguvu, na uvimbe unabaki palepale. Halafu tunasema: ni ulozi. Tunakwenda kwa mfumu, anataka kuku, kisha anataka mbuzi. Wiki mbili zimepita. Sasa jicho la mtoto linasukumwa nje.

Msitetemeke, si kila shavu lililovimba ni ugonjwa huu. Jipu la jino lina joto, linauma mpaka mtoto halali, na mwisho linatoa usaha. Matumbwitumbwi yanavimba chini ya masikio, mtoto ana homa, na baada ya wiki moja hivi yamekwisha. Uvimbe ninaousema mimi haupungui, unaongezeka. Ni kansa, na katika kansa zote za binadamu hii ni moja ya zile zinazokua upesi kabisa. Neno hilo linatisha, najua. Lakini ngojeni nimalize, maana kansa hii ina dawa.

Tena haukai katika taya tu. Kwa watoto wengine unaanza tumboni: tumbo linajaa, ukiligusa unasikia kitu kigumu ndani, na siyo bandama ile mnayoijua. Wengine miguu inalegea, mtoto aliyekuwa anakimbia hawezi kusimama. Taya, tumbo, miguu: nani angesema ni ugonjwa mmoja? Zamani waganga nao hawakujua. Sikilizeni walivyojua.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago huko Kampala, Uganda, alikuwako mganga wa kupasua jina lake Denis Burkitt, mtu wa Ireland. Alikuwa na jicho moja tu, lingine lilipotea akiwa mtoto wa miaka 11. Mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini atazame mtoto wa miaka mitano. Taya la juu na la chini, kulia na kushoto, yote yamevimba. Burkitt hakujua ni nini, maana jipu halishiki pande nne kwa mara moja. Akapiga picha, akaendelea na kazi. Wiki chache baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja. Akatazama nje dirishani, akaona mama amekaa kwenye majani na mtoto wake, na uso wa mtoto umevimba vilevile. Akatoka nje mbio. Akamshika yule mtoto tumboni: kumbe ndani mna uvimbe mwingine!

Mimi namfikiri sana yule mama aliyekaa kwenye majani. Alikuja na mtoto wake tu, kama ninyi leo.

Burkitt akarudi Mulago, akafungua karatasi za zamani. Pale Mulago, mkuu wa kuchunguza maiti alikuwa Jack Davies. Yeye na wenzake walikuwa wakifungua maiti za waliofia hospitalini, wanatazama kila kiungo, wanaandika, wanatunza. Na ndani ya karatasi hizo jibu lilikuwa linangoja. Mtoto aliyekufa na uvimbe wa taya, ndani yake figo zilikuwa na uvimbe, na ini, na tezi ndogo zilizo juu ya figo. Kwa wasichana, hata vifuko vya mayai. Mpaka wakati ule kila mganga alitoa jina kwa kufuata mahali alipouona uvimbe: huyu anasema kansa ya taya, yule kansa ya figo. Maiti ndizo zilizoonyesha kwamba ni ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 Burkitt aliandika habari za watoto 38. Baadaye mganga wa Marekani, Gregory O'Conor, alitazama vipande vya nyama kwa mikroskopi, ile mashine ya kukuza vitu vidogo, akaona ni kansa ya zile chembe zinazolinda mwili, ambazo ziko katika tezi na katika damu.

Mnaniuliza, sasa faida yake? Faida ni hii. Burkitt alikuwa mtu wa kisu. Lakini ukikata taya la mtoto ambaye figo na ini zimekwisha kushikwa, umemtesa bure. Ilihitajika dawa ya kupita katika damu, ifike kila mahali ugonjwa ulipo. Katika miaka ya 1960, Kampala na Nairobi, waganga walianza kuwapa watoto dawa hizo, na uvimbe ukawa unayeyuka siku kwa siku, mpaka wao wenyewe wakashangaa. Mpaka leo tiba ni dawa za kutia katika mshipa, siyo kisu. Watoto wa zamani waliofunguliwa baada ya kufa hawakufaidika na jambo hilo, ni kweli. Waliofaidika ni wale waliokuja nyuma yao.

Mwaka 1961 Burkitt alichukua waganga wawili wenzake. Mmoja ni Ted Williams, wa hospitali ya misioni ya Kuluva, kaskazini mwa Uganda. Mwingine ni Cliff Nelson. Wakapanda gari kuukuu la Ford, wakazunguka Afrika mpaka kusini, karibu kilometa 16,000, na kuingia hospitali 57, nyingi za misioni kama hii yetu. Kila mahali waliuliza: mmeona mtoto kama huyu wa picha? Wakaona ugonjwa uko kwenye nchi za joto na mvua, na kwenye milima ya baridi hauko. Ni mahali palepale penye mbu wa malaria. Basi sisi wa Kabambare na Kasongo tumo.

Jambo la virusi nitalisema kwa kifupi. Mwaka 1963 kipande cha uvimbe kutoka Uganda kilipelekwa London kwa ndege. Ukungu ulikuwa mwingi, ndege ikatua Manchester. Kilipofika, maji yake yalikuwa kama maji ya mchele, karibu wayatupe wakidhani kimeoza. Kumbe ni chembe za uvimbe zilizo hai! Katika chembe hizo Anthony Epstein na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, waliona virusi mwaka 1964. Virusi hivyo vinapita kwa mate, na karibu watu wote tunavyo, havitudhuru. Lakini mtoto anayepigwa na malaria tena na tena, mwili wake unashindwa kuvitawala. Kwa hiyo chandarua ninachowasumbua nacho kila wiki, na dawa ya malaria kumaliza vidonge vyote, vina kazi hata hapa. Wala mama hakufanya kosa lolote, wala jirani hakuloga.

Sasa turudi kwa yule mama na swali lake. Mganga akiomba kuchunguza maiti, anataka kujua kilichomuua mtoto, ili ajue pia kama ndugu zake walio nyumbani wako hatarini. Anafungua, anatazama, anachukua vipande vidogo vya nyama na kuvitia katika dawa isiyoozesha, kisha anashona. Maiti inarudishwa kwenu mwioshe na kuzika. Katika miaka ya karibuni, huko Kisumu na Siaya nchini Kenya, wametumia hata sindano tu, kuchukua nyama kidogo bila kufungua.

Najua hapa kwetu, Waislamu na Wakristo, tunataka kuzika upesi, na wazee hawapendi mtoto aguswe. Basi uliza: itachukua saa ngapi? Mtachukua nini, na mtakipeleka wapi? Nani atatuambia majibu? Mganga mwema atajibu yote. Ukikataa, umekataa, hakuna wa kukulazimisha wala kukunyima dawa kesho. Na mume na shangazi waulizwe nao, isiwe mzigo wa mama peke yake, naye analia.

Jambo moja tena, nalo linaniuma kuliko yote. Mtoto anapelekwa, anapata sindano ya kwanza, baada ya siku chache shavu limeshuka, anakula sombe na samaki, anacheka. Mama anasema: amepona, shamba linaningoja. Anarudi nyumbani. Baada ya miezi miwili uvimbe umerudi, na mara hii dawa haina nguvu kama ya kwanza. Shavu kushuka siyo kupona. Ugonjwa bado umejificha ndani, kama walivyouona wale wa Mulago. Mganga akisema sindano sita, ni sita. Kabla ya kuondoka kaeni na ukoo, mpange nani atapalilia, nani atakaa na watoto wengine, nauli itatoka wapi. Na huko mtoto anywe maji mengi, kwa maana uvimbe ukiyeyuka upesi unachosha figo.

Haya, sasa mizani. Mwenye mtoto wa jino lililolegea kabla ya wakati, au shavu, au tumbo gumu, asipange mstari. Aje hapa kwangu kwanza, na mtoto afungue mdomo. Hata kama ni mtoto wa jirani mliyemwacha kijijini, niambieni leo.