Nyoka Mchanga na Tonge la Kwanza



Najua kwamba neno nyoka likitajwa redioni saa ya chakula cha jioni, wapo watakaonyoosha mkono wazime. Nawaomba wavumilie kidogo. Leo sina habari ya mtu aliyeumwa, wala ya koboko aliyeingia darasani. Nina habari ya nyoka waliotoka kwenye mayai majuma machache yaliyopita, na ya mtu mzima mwenye familia yake anayekesha akiwabembeleza wale chakula.

Mtu huyo anaishi Kibaha, nyuma kidogo ya barabara kuu iendayo Morogoro. Anacho kibali cha kufuga wanyamapori, na nimekiona kwa macho yangu. Jina lake sitalitaja, kwa ombi lake mwenyewe. Anasema akitajwa hewani leo, kesho alfajiri atakuta foleni mlangoni ya watu wanaotaka dawa ya utajiri, kwa sababu huku kwetu mwenye chatu huhesabiwa ama mganga ama tajiri wa miujiza. Mganga siye, na kwa jinsi nilivyoiona pikipiki yake, utajiri nao bado.

Mayai aliletewa. Vijana waliokuwa wakifyeka pori kusafisha kiwanja walimkuta chatu jike amejiviringisha ndani ya shimo la zamani la muhanga, wakamuua kwa mapanga kabla hawajajua alikuwa akifanya nini pale. Chini yake palikuwa na mayai, kila moja likikaribia ukubwa wa chungwa. Mmoja wao, badala ya kuyavunja, akaenda kumwita bwana huyu. Mayai mazima yalikuwa 22. Akatoa taarifa kwa maofisa wa wanyamapori, akaruhusiwa kuyatunza, akayapanga ndani ya sanduku lenye maranda yenye unyevu, kila yai likikaa vile vile lilivyokuwa limelala shimoni. Hilo la mwisho si dogo. Wafugaji wa kuku wa Kibaha, ambao ni wengi, wanajua kwamba yai la kuku hugeuzwa kila siku. Yai la nyoka likigeuzwa, kilichomo ndani chaweza kufa.

Walitoka 17.

Kabla hatujafika kwenye chakula, hebu tumtazame kidogo yule mama aliyekatwa mapanga. Watafiti wa Afrika Kusini waliwafuatilia chatu majike porini kwa miaka kadhaa, wakatoa matokeo yao mwaka 2018. Waliona kwamba chatu anayezaa hubadilika rangi akawa karibu mweusi, na weusi huo humsaidia kupata joto la jua haraka. Hutoka kuota jua mdomoni mwa shimo, kisha hurudi kuyazungushia mayai joto alilolikusanya. Muda wote huo hali. Na kubwa zaidi, mayai yakianguliwa haondoki mara moja. Hukaa na watoto karibu majuma mawili, nao usiku hulala katikati ya mizingo yake. Sisi tuliozoea kuambiwa kwamba nyoka hana huruma, hapo pana la kutafakari.

Lakini hata mama huyo hawalishi. Nyoka hana titi, wala hamletei mwanawe mdomoni kama ndege. Tonge la kwanza mtoto hulitafuta peke yake, na hakuna wa kumwonyesha.

Sasa, bwana wa Kibaha siku ile ya kwanza aliwapa nini wale 17? Hakuwapa kitu, ila maji safi katika kisahani kizito. Mtoto wa nyoka hutoka kwenye yai akiwa na akiba ya kiini tumboni, na akiba hiyo humtosha kwa siku kadhaa. Akipelekewa nyama siku ya pili ataikimbia, na mfugaji mwenye haraka atadhani ana mgonjwa. Husubiriwa kwanza ajivue gamba, jambo ambalo kwa kawaida huchukua juma moja au mawili. (Nikisema kujivua gamba sina maana ya zile siasa za mwaka 2011.) Baada ya gamba hilo la kwanza ndipo njaa huanza.

Chakula alichowaandalia kilikuwa vipanya vyeupe anavyovizalisha mwenyewe, vile ambavyo ndiyo kwanza vimeota manyoya. Nilimuuliza kwa nini asitege panya wa bure, maana Kibaha hawajaadimika. Akaniambia: "Ndugu mwandishi, panya wa bure amekula sumu ya jirani. Ukimpa chatu mtoto, umemwua kwa mlo wake wa kwanza." Vipanya huwapa vikiwa vimekwisha kufa, kwa sababu panya hai akiachwa na nyoka asiye na njaa humtafuna yeye. Huvitia katika maji ya moto kiasi vipate joto la mwili, maana midomo ya chatu ina vitundu vinavyohisi joto, na kipanya baridi kwake ni kama kipande cha udongo. Unene wa kipanya usizidi sehemu nene ya nyoka mwenyewe. Hukishika kwa koleo refu, akakitikisa polepole mbele ya mlango wa maficho, kisha akasubiri.

Usiku wa kwanza walikula 11. Chatu kwa kawaida si mgumu wa chakula, na hao walikirukia kipanya, wakajizungusha, wakakibana kana kwamba wamefanya kazi hiyo miaka mingi. Wawili walifuata juma la pili. Wanne wakagoma.

Hapo ndipo nilipoona kwamba kazi hii ina elimu ndani yake. Mimi ningedhani nyoka aliyegoma apewe chakula zaidi, au abadilishiwe mara kwa mara. Yeye alifanya kinyume. Aliwatenga wale wanne, kila mmoja katika kisanduku chake kidogo chenye majani makavu na kigae cha chungu cha kujificha, akafunika kisanduku kwa kitambaa, kisha kwa siku tano hakuwagusa wala kuwachungulia. Maelezo yake ni kwamba mtoto wa chatu porini ni chakula cha kila mtu: kenge, mwewe, nguchiro, hata nguruwe. Akiwekwa mahali peupe hafikirii kula, anafikiria kuliwa.

Mmoja alikula siku ya sita, gizani.

Lingine lilikuwa joto. Ilikuwa masika, usiku hupoa, na umeme ulipokatika taa ya kupashia joto ilizimika nao. Nyoka hana moto wake mwenyewe ndani ya mwili. Akiwa baridi tumbo halisagi, na hata akila, chakula huweza kuoza ndani au akakitapika. Bwana huyu alikuwa akijaza maji ya moto katika chupa za plastiki, akazifunga kwa kanga kuukuu za mkewe na kuziegemeza ubavuni mwa visanduku. Mkewe aliniambia kwamba kanga hizo hakuombwa.

Wa pili kati ya wale wanne alishindwa na harufu. Nyoka hunusa kwa ulimi. Zile ncha mbili hukusanya harufu hewani na kuipeleka kwenye kiungo kilichopo paani mwa kinywa. Huyu kipanya cheupe hakumwambia kitu. Basi akakipaka manyoya ya kifaranga cha kware, na papo hapo nyoka akageuza kichwa, akala. Wa tatu alikubali baada ya kipanya kutobolewa kidogo fuvuni ili harufu ya ubongo itoke. Samahani kwa wanaokula. Wa nne nitamrudia.

Kutoka Kibaha nilivuka kwenda Kisarawe, kwa sababu nilitaka kujua watoto wa nyoka wanakula nini pale ambapo hakuna mtu mwenye koleo. Karibu na msitu wa Pugu na Kazimzumbwi nilimkuta mzee mwenye shamba la mihogo na mikorosho. Nilimpa shikamoo yake, nikamweleza shida yangu. Alicheka sana. Kisha akasema: "Mwanangu, nyoka mdogo hula kilicho kidogo. Wewe umeona panya wangapi wadogo wakizurura nje? Mjusi yuko kila ukuta."

Mzee huyo hakusoma elimu ya viumbe, lakini ndivyo ilivyo. Yule nyoka wa kahawia asiye na sumu anayeingia majumbani kufuata panya, akiwa mchanga ni mwembamba mno kwa panya, na mijusi ndiyo riziki yake. Wanaomfuga hulijua hilo, hukipaka kipanya kichanga harufu ya mjusi kafiri, na mgomo huisha.

Mzee alinieleza pia habari za nyoka anayemwona kwenye viota vya ndege, mla mayai. Huyu ni mmoja wa nyoka wa ajabu wa pwani yetu. Karibu hana meno. Hulimeza yai zima, akalipasua kwa miiba ya mifupa iliyomo shingoni, akanywa ute na kiini, kisha akatema ganda likiwa limekunjamana. Hali kitu kingine maisha yake yote. Hana sumu hata chembe, na kwa kuwa wengine katika jamii yake hujifanya wakali kwa kusugua magamba hadi wakatoa sauti, huuawa kwa fimbo bila kuulizwa. Sasa fikirini mtoto wake, mwembamba kama penseli. Yai la kuku ni mlima. Hata yai la kware ni kubwa mno kwake. Anahitaji mayai ya ndege wadogo kuliko shomoro, tena nayo yana msimu.

Nyoka huyu alikuwa miongoni mwa waliosafirishwa kutoka Tanzania kwenda kuuzwa Ulaya na Marekani, pamoja na vinyonga na kobe, hadi Serikali ilipopiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Juni 2022 ilitangazwa kwamba wafanyabiashara waliobaki na wanyama wangeruhusiwa kuwamaliza, wananchi wakapiga kelele, na tangazo likasimamishwa siku chache tu baadaye. Mimi nilikuwa upande wa waliopiga kelele. Lakini jambo linalonikera ni jingine. Wanunuzi wa huko nje walipoona watoto wa nyoka huyo wanakufa njaa, walikaa wakajifunza, mpaka wengine wakafuga ndege wadogo kwa ajili ya mayai yao. Sisi tulimtia kwenye mfuko, tukamhesabu, tukampakia. Elimu ya kumlisha imekua ughaibuni, wakati yule mzee wa Kisarawe aliyejua nusu yake hakuulizwa na mtu.

Nitie neno moja la tahadhari, nisije nikalaumiwa. Mtu asiondoke hapa akaenda kuokota nyoka. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali. Na porini yupo kifutu, ambaye hatagi mayai bali huzaa watoto hai, mara nyingi 20 hadi 40 kwa mkupuo mmoja. Mtoto wa kifutu ni mfupi, mnene, ana madoa mazuri, na mtoto wa shule aweza kudhani ni chatu mchanga. Ana sumu na meno ya kuitia tangu siku anayozaliwa.

Narudi Kibaha. Makubaliano na maofisa ni kwamba kila chatu akishakula mara tatu bila kusaidiwa, atachukuliwa akaachiwe msituni. Mimi nilibisha. Nilisema wangeachiwa mara tu baada ya kujivua gamba, kama wanavyotawanyika wenyewe porini, kabla hawajazoea kwamba nyama huja pamoja na harufu ya binadamu. Chatu aliyezoea hivyo, akifikia mita tatu, atakuja mlangoni mwa mtu. Bwana yule alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza: "Ungewaachia wapi? Lile shimo lao limekwisha jengewa ukuta." Bado naona hoja yangu ina uzito, lakini ukuta huo niliuona, na juu yake pamepandwa vipande vya chupa.

Yule mzee wa Kisarawe nilimpigia simu kumweleza kwamba huenda wakaletwa upande wake. Alisema waje, panya wamemzidi kwenye mihogo, ila wasiwaonyeshe banda lake la kuku.

Na yule wa nne, mpaka ninaporekodi mazungumzo haya, ni juma la nane tangu aanguliwe na hajala. Anapimwa kila Jumamosi kwenye mizani ndogo ya jikoni, na amepungua gramu 6 tu. Ngozi yake inang'aa, anakunywa maji, na akiguswa anajaribu kuuma. Wapo waliomshauri bwana huyo amfungue kinywa amshindilie. Amekataa. Anasema nyoka aliyeshindiliwa hujifunza kuogopa chakula, na kwamba maadamu anauma, bado ana nguvu ya kungoja. Jumamosi hii atamjaribu kwa harufu ya mjusi kafiri, aliyekamatwa ukutani kwake mwenyewe, juu ya mlango wa jikoni.